Walijuaje mitaa ya Korintho ya Warumi ilivyokaa na hawajaichimba yote?

Mwana_Ngamiani
Wakuu naomba mnitoe tongotongo. Niko nasoma habari za Korintho, ile ile ya barua za Paulo, kumbe mji aliofikia yeye ulikuwa koloni la Kirumi, sio ule wa Wagiriki wenyewe. Warumi wa jemadari Mummius waliuvunja 146 KK, ukakaa gofu miaka mia na kitu, halafu Julius Caesar akaufufua 44 KK, mwaka ule ule aliouawa, wakapelekwa watu wapya wengi wao watumwa walioachwa huru. Kinachonishinda ni hiki: kuna mradi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ulianza 1988 chini ya David Gilman Romano (jina nalo limepata kazi yake 😂) wakachora kwa kompyuta mitaa ya koloni zima mpaka mashamba ya nje, wakati kilichofukuliwa pale ni kipande tu. Sasa hiyo si ramli jamani? Mimi nikikuonyesha Barabara ya 7 peke yake utanichorea Ngamiani ya Tanga nzima?

bikoni_mbili
Ya 7 peke yake hapana. Nipe tatu nne zilizofuatana nipime toka moja hadi nyingine, nikiona umbali unajirudia na pembe ni ile ile basi kesho hata ukinikuta nachimba choo huko mbele nimegonga ukuta, nitajua kama ni wa mpango ule au wa mtu aliyejijengea tu.

Mimi kazi yangu viwanja, na hao Warumi walikuwa wapima kama sisi. Chombo chao kiliitwa groma, mti umesimikwa, juu yake msalaba, kila ncha inaning'inia timazi, jumla 4, unafumba jicho moja unachungulia mpaka timazi mbili zifunikane, hapo una mstari wako. Kipimo chao aktusi, futi 120 za Kirumi, kama mita 35.5. Mashambani walizoea kukata mraba wa aktusi 20 kwa 20, yaani mita 710 hivi kila upande, ndio senturia hiyo. Kwa hiyo kina Romano walipita na totali stesheni, chombo cha kupimia pembe na umbali, wanapiga kona za kuta, kingo za barabara, misingi iliyobaki, vyote kwenye mfumo mmoja wa koordineti, yaani namba za kutaja mahali, wakalaza juu yake ramani za zamani na picha za angani na za setilaiti. Ile barabara ya Lechaion inayoshuka bandarini ikawa uti wa mgongo wa mji. Ukishapata pembe na kipimo unaanza kukagua vijia na mipaka ya mashamba ya leo, ipi imelala upande huo. Kuna mkulima kule analima hadi leo kwenye mpaka uliopigwa timazi na hana habari.

dada_wa_Kaole
Kaka umeeleza vizuri ila usimtie mwenzio ulevi. Kompyuta ukiibana itoe mistari itakutolea tu. Chukua mashamba yoyote hapa Bagamoyo, weka gridi, yaani miraba, ya mita 710, izungushe zungushe, havikosi vijia viwili vitatu vitakavyoingia humo na hakuna Mrumi aliyepita huku kukata viwanja. Mpaka wa shamba mara nyingi unafuata mteremko au korongo. Ndio maana pembe lazima ianzie kwenye kitu kilichofukuliwa, kina sarafu au vigae vya kukitajia umri.

Halafu gridi haisemi watu walikuwaje. Strabo, yule mwanajiografia Mgiriki wa kale, ameandika kwamba walowezi wale walipokuwa wanasogeza vifusi walikuta makaburi, wakayafukua yote wakaijaza Roma vyombo vya udongo na shaba vya marehemu. Setilaiti hiyo haioni. Nikisoma pale nakumbuka zile nguzo za makaburi za huku pwani, mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa yamekwenda, yamebaki mashimo.

Mwana_Ngamiani
Dada hapo kwenye makaburi umeniacha mdomo wazi. Haya nina laptopu na bando la usiku, naanzia wapi?

bikoni_mbili
Dada yuko sahihi, pembe kwanza ndio mashamba.

Wewe shusha QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Usianze na Korintho, anza na Ngamiani maana ukikosea unatoka nje unaangalia. Tafuta ramani ya zamani iliyoskaniwa, chagua makutano yasiyohama, manne hayatoshi piga hata kumi yaliyotawanyika, ndio uifunge kwenye picha ya setilaiti. Na chunga datumu, yaani msingi ambao namba za ramani zinahesabiwa kutokea!! Ramani zetu nyingi za zamani ni Arc 1960, simu yako inasoma WGS84, zinapishana kama mita 300. Mimi niliwahi kuuhamisha msikiti wa Tongoni kwenye ramani kwa mtindo huo, siku mbili nalaumu jipiesi kumbe nimechagua zoni 37 Kusini, ukanda wa ramani wa huku kwetu, sawa lakini datumu ya simu kwenye namba za ramani. Mita 300 huko Korintho ni mitaa mizima imeruka.

Ukimaliza pima pembe ya barabara tano uzilete hapa, tukukague.