Je, usonji huonekana usoni?

Kutoka: Mama wa Section 58, sasa Dallas

Hamjambo ndugu na dada zangu,

Naandika usiku kwa sababu mchana sipati nafasi. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi minane. Maneno yake ni "maji" na "twende", basi. Ukimwita jina hageuki, lakini friji ikianza kunguruma anatoka mbio kuikumbatia. Daktari wa watoto alitupa fomu ya maswali, tukaijaza, akasema mtoto apelekwe kupimwa usonji (autism), ile hali ya ubongo kukua kwa namna tofauti. Miadi ni Alhamisi ijayo.

Nilimpigia mama mkwe Nakuru. Akaomba nimwelekezee mtoto kamera, akamtazama weee, akasema, "Huyu sura yake ni safi kabisa, hana ugonjwa. Msikubali aandikwe." Kesho yake binamu akanitumia picha kwenye WhatsApp, uso wa mtoto umejaa mishale: kipaji cha uso kipana, macho mapana, pua fupi, mdomo mpana. Jana usiku nimekaa kando ya kitanda na tochi ya simu, namlinganisha mtoto wangu aliyelala na ile picha. Macho nikaona ni yenyewe. Pua nikaona siyo. Baba yake anataka tuahirishe mpaka Desemba tukienda nyumbani, wazee wamwone kwanza. Nishaurini tafadhali.

*

Kutoka: Wa Kondele, sasa Lowell

Dada, pole kwa usiku huo wa tochi. Miadi usiahirishe hata kwa siku moja. Wangu ana miaka 11 sasa na ana usonji. Mimi nilipoteza mwaka mzima kwa maneno kama hayo ya sura safi, na mwaka ule bado unaniuma.

Hiyo picha ya mishale ina asili yake, ndiyo maana inatisha. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri walipima nyuso za wavulana wa miaka 8 hadi 12 kwa kamera zinazochukua uso pande zote, 64 wenye usonji na 41 wasio nao. Walipolinganisha makundi mawili wakakuta kwamba lile la usonji, kwa wastani, lina sehemu ya juu ya uso iliyo pana zaidi, macho na mdomo mpana zaidi, na sehemu ya kati, pale penye mashavu na pua, iliyo fupi kidogo. Kwa wastani, dada. Nia yao ilikuwa kuelewa ni lini tumboni mambo hubadilika, kwa kuwa uso na ubongo hukua pamoja. Hawakuwa wanamtengenezea mama kipimo cha kumshikia mtoto tochi. Ingia darasa lolote Manyatta uhesabu vipaji vipana, utachoka kabla ya kufika dawati la nyuma, na wengi wao hawana usonji. Wangu mimi ana uso mwembamba wa baba yake na pua ndefu, hafanani na mshale hata mmoja.

Hata Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika juu ya watoto 11 mwaka 1943, alisema nyuso zao ni za watoto werevu. Alitaja kwamba watano walikuwa na vichwa vikubwa kiasi, na ni kweli kichwa kikubwa huonekana kwa baadhi ya watoto wenye usonji. Ndiyo maana watampima wako kwa utepe. Usishtuke, wengi wenye vichwa vikubwa wamerithi tu kwa baba zao.

Basi wataangalia nini? Watakaa naye sakafuni. Watapuliza mapovu ya sabuni, wasubiri waone kama atakugeukia wewe afurahi nayo pamoja nawe. Watamwita jina. Watajifanya wanamfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, waone kama ataingia kwenye mchezo. Watakuuliza kama anakuonyesha kitu kwa kidole, si kwa sababu anakitaka bali ili na wewe ukione. Swali hilo lilinitoa machozi mbele ya watu, kwa sababu wangu alikuwa ananishika kiganja na kukipeleka kwenye kitu kama vile mkono wangu ni wa kwake.

Mwilini kuna mambo ya kuwaambia: anatembea kwa vidole vya miguu, anapigapiga viganja akifurahi, viungo vyake vimelegea, uso wake hautembei pamoja na anachohisi. Hayo yote hupatikana pia kwa watoto wasio na usonji, kwa hiyo usiyahukumu peke yako. Chukua video fupifupi nyumbani uende nazo, maana siku ya miadi mtoto anaweza kulala usingizi tu.

Sasa hili la wazee wamwone Desemba. Tulipokwenda nyumbani mara ya mwisho kulikuwa na matanga Luanda, spika kubwa zimepangwa chini ya mwembe. Mtoto aliziba masikio, akalala chini kwenye vumbi na suti yake, akapiga kelele kuliko spika. Mama mmoja mzee akanishika bega akasema kwa upole, "Mtoto mzuri hivi, mbona hamkumfunza adabu?" Hakunitukana. Alimtazama usoni akaona mtoto mzima, akatafuta sababu nyingine, na iliyokuwa karibu ni mimi. Angekuwa na alama usoni wangemletea kiti. Kwa hiyo dada, watakaomwona Desemba watakwambia yaleyale aliyokwambia mama mkwe, na wewe utakuwa umepoteza miezi ambayo huna.

Nasema huna kwa sababu ya umri wake. Marekani mtoto aliye chini ya miaka mitatu aliyechelewa kimakuzi ana haki ya huduma za mapema kwa sheria ya taifa. Kwenu Texas wanaziita ECI. Piga simu mwenyewe kesho asubuhi, huhitaji barua ya daktari wala kusubiri matokeo ya Alhamisi. Wakishapokea jina lake wana siku 45 za kumpima na kupanga huduma zake. Akifika miaka mitatu anahamia mikononi mwa wilaya ya shule, na wao pia humpima bure. Waandikie barua yenye tarehe, uweke nakala. Mkitaka mkalimani wa Kiswahili ombeni mapema, hasa kama baba yake anataka kuuliza maswali yake kwa lugha yake. Na muombe aje. Baba akiona yale mapovu kwa macho yake hutahitaji kumshawishi.

Kwa safari, kuna utepe wa kijani wenye maua ya alizeti wa kuvaa shingoni. Ulianzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 kwa ajili ya watu ambao ulemavu wao hauonekani, na viwanja vingi vimeuchukua. Sisi hupewa Boston. Wafanyakazi wakiuona hawakuharakishi kwenye foleni.

*

Kutoka: Baba wa Shinyalu, sasa Leeds

Nakubaliana na dada wa Kondele, ila niongeze jambo moja kwa sababu kwetu uso ulikuwa na la kusema.

Kijana wetu alipofika miaka saba, uso ulianza kurefuka na masikio yakatokeza. Usonji alikuwa tayari ameandikiwa. Nyumbani walicheka wakasema ni masikio ya babu. Daktari mmoja hapa akayaangalia, akavikunja vidole vya mtoto nyuma vikaenda kama mpira, akaomba damu. Jibu likaja: Frajaili X, tatizo la kurithi la jeni moja kwenye kromosomu ya X. Ni ugonjwa wake wenyewe, na wengi wenye nao huwa na usonji pia.

Mke wangu akapimwa, akaonekana anaibeba bila kuumwa. Hapo ndipo tukakumbuka baba yake, mzee wa Khayega, uzeeni mikono ilivyokuwa ikitetemeka mpaka chai tunamjazia nusu kikombe. Mzee ameshatangulia, hatukumpima. Lakini daktari alitueleza kwamba mwanamume anayeibeba huipitisha kwa binti zake wote, na wengine kama yeye hupata mtetemeko huo wakizeeka. Mke wangu ana dada wanne, wawili bado wanazaa. Simu zile nne ndizo zilikuwa ngumu kuliko miadi yote ya hospitali.

Kwa hiyo dada wa Dallas, wakimwandikia usonji, uliza kuhusu kipimo cha jeni, hata kama uso wake hauna kitu. Kwa watoto wadogo kama wako Frajaili X mara nyingi haionekani usoni.

*

Kutoka: Mama wa Section 58, sasa Dallas

Asanteni sana. ECI nimewapigia, wanakuja nyumbani Jumatano, siku moja kabla ya miadi. Baba yake ameomba ruhusa kazini.

Picha ya mishale nimeifuta. Jana nilimtumia mama mkwe video badala yake, mtoto amepanga magari yake kumi na manne ukutani, mimi namwita mara tano hageuki. Alikaa muda mrefu bila kujibu, nikadhani amekasirika. Kisha akanitumia ujumbe wa sauti. Amesema walipokuwa wadogo Njoro, kaka yake aliyemfuata alikuwa akikusanya vifuniko vya soda na kuvipanga mlangoni tangu asubuhi, na mama yao akiita watu chakulani yeye haji mpaka ashikwe mkono. Alichapwa sana kwa hilo, amesema. Ameniuliza saa za Alhamisi ili awe macho wakati tukiwa ndani.