Wakuu, mwenye vidonda vya tumbo anaruhusiwa mlenda? Wiki ya tatu sina raha

Saidia Fundi
Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma, nakaa Nkuhungu, kazi yangu ujenzi kule Mtumba, umri miaka 34. Tumbo linachoma hapa kwenye chembe, hasa saa nane za usiku. Nikila kidogo linatulia, halafu linarudi. Kiungulia, gesi, nacheua hovyo mpaka naona aibu kwenye daladala. Jirani kasema ni vidonda vya tumbo na mchawi ni mlenda. Mimi nimekulia ugali wa uwele na mlenda. Swali: niache mlenda au niache uwele? Na ile dawa ya asili ya siku 21, inanyweka pamoja na omeprazo, zile za kupunguza asidi tumboni? Msinicheke.

Kitunguu Maji
Acha vyote, hamia wali maharage. Uzi ufungwe.

Bibi Zabibu
Mlenda haujawahi kuua Mgogo. Babu yangu kule Mvumi kaula mpaka tisini na ushee, na kilichomuua ni kudondoka kwenye mkokoteni. Mjukuu wangu, hayo ni mawazo. Una madeni?

Dereva wa Singida
Mimi 2019 nilikuwa hivyo hivyo. Kila zahanati naambiwa taifodi, nikameza dozi za taifodi mara nne, tumbo lipo palepale. Daktari mmoja mtaratibu ndiye akaagiza kipimo cha choo, wakakuta wale bakteria wa H. pylori. Akanipa antibiotiki mbili na omeprazo, siku 14. Kabla ya kupima aliniambia nikae wiki mbili bila omeprazo, la sivyo kipimo kinadanganya. Sasa zile dawa mdomo unakuwa mchungu kama umelamba betri. Siku moja nipo Manyoni na abiria kibao, kuna mama kapanda na kuku watatu...

Kitunguu Maji
Ukiona anafika kwenye kuku ujue tumbo limesahaulika.

Nesi Mstaafu
Mdogo wangu, weka mlenda pembeni. Umepungua mwili? Unatapika? Chakula kinakwama ukimeza? Choo chako rangi gani? Na unameza dawa gani za maumivu, maana watu wa zege nawafahamu.

Saidia Fundi
Shikamoo mama. Sitapiki, nameza vizuri. Choo napata kama kawaida. Dawa za maumivu ni za kawaida tu. Mimi shida yangu ni hiyo dozi ya siku 21, nimeshatoa nusu, elfu sitini, na jamaa ana shuhuda nyingi sana.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Sikuuliza kama unapata choo. Nimeuliza rangi.

Mwana wa Mchungaji
Vijana wa ujenzi acheni pombe za jioni. Mwili ni hekalu.

Saidia Fundi
Sinywi, mkuu.
Haya mama, ni cheusi. Leo siku ya nne. Ila ni zabibu, wiki iliyopita shambani kwa shemeji nilikula karibu nusu ndoo. Ndiyo maana sikutaja, si ugonjwa.

Nesi Mstaafu
Kinang'aa, kinanata kama lami, harufu si ile uliyoizoea? Na unatumia vidonge vya kuongeza damu? Maana vile navyo hutia weusi, ila havileti unato huo.

Saidia Fundi
Vya damu situmii. Kuhusu lami... ndiyo.
Dawa ni diklofenaki. Mgongo, mama. Mbili asubuhi, mbili jioni, tangu tuanze zege la ghorofa ya pili, kama mwezi na nusu. Bila hizo sibebi ndoo. Jana nilipata kizunguzungu nikateremshwa kwenye mirunda, lakini lilikuwa jua tu. Nimepanga nimalize hizi siku 21 kwanza, ikishindikana ndiyo niende hospitali. Nikikosa kazi siku mbili nafasi yangu anapewa mwingine.

Nesi Mstaafu
Hiyo ni damu. Inavuja juu tumboni, ikipita kwenye utumbo inageuka nyeusi. Diklofenaki inamomonyoa ngozi ya ndani ya tumbo, na ukiwa na wale bakteria wa dereva hapo juu ndiyo kabisa. Kizunguzungu ni damu imepungua. Kiungulia cha kawaida ningekwambia nenda kliniki wiki hii. Hiki ni cha leo usiku, kitengo cha dharura. Usiendeshe wala usipande boda, tafuta bajaji na mtu wa kukushika. Beba maganda ya dawa zote. Diklofenaki usiguse tena, na hiyo ya siku 21 usionje.

Mpelelezi Huru
Wakuu hii ni CHAI. ID imefunguliwa leo, uzi wa kwanza, katikati anatupa bei na "shuhuda nyingi". Kesho anatokea mwingine: "mimi nilipona, namba hii hapa". Na huyo nesi anajibu dakika mbili mbili, si ID mbili za mtu mmoja? Zabibu nusu ndoo nani anakula?

Bibi Zabibu
Mimi nakula.

Kitunguu Maji
Chai nayo inaleta kiungulia, tuwe makini.

Nesi Mstaafu
Iwe chai iwe uji, anayejisaidia lami na anasoma hapa kimyakimya aende hospitali. Saidia Fundi, umeshatoka?

Dereva wa Singida
Kimya. Kuku wale walifika salama, kwa waliouliza.

Mpelelezi Huru
Hajibu tangu jana. Nilisema.

Saidia Fundi
Niko wodini. Damu imesoma 6.4, nimetundikiwa chupa ya pili sasa hivi. Kesho asubuhi ni kamera ya tumbo, nimeambiwa nisile wala nisinywe. Niliulizia mlenda, daktari kacheka akasema hauna kosa.

Mpelelezi Huru
Weka picha ya dripu.

Saidia Fundi
Simu imebaki asilimia nne, mkuu. Na jamaa wa siku 21 kanipigia mara tatu anadai elfu sitini yake iliyobaki, eti dozi ameshaichemsha. Namjibuje?