Kimashine cha kukata pete kinazima katikati, ni betri au diski?

nesi_wa_zamu: Wakuu habari za saa hizi. Nipo dharura hospitali moja ya wilaya, tuna kile kimashine cha kukatia pete cha kuchaji, chenye kidiski kinachozunguka na kile kibati cha kukinga kidole. Pete za dhahabu kilikuwa kinakata fresh tu ila siku hizi kikifika katikati kinazima chenyewe. Halafu juzi kaja kijana ana pete nyeusi nene, kidole kimevimba kama andazi, tumesaga weee haina hata alama, inazidi kung'aa tu na yeye analia inamuunguza. Ikabidi tumpe rufaa. Shida betri, diski au mkono wangu?

sonara_mzee: Dada hayo ni mambo mawili. Hiyo nyeusi kama ni nzito kuliko inavyoonekana basi ni tangsteni, hata ufunge betri ya lori haikatiki, ile inapasuliwa. Tafuta vaisigripu, ile praizi inayojifunga ikishabana, iseti ibane pete kwa kugusa tu, achia, kaza skrubu ya nyuma kidogo, bana tena, achia, kaza, unaenda hivyo hivyo mpaka usikie ta! Geuza upande wa pili urudie. Funika na kitambaa na wote mvae miwani, vipande vinaruka vibaya. Mgonjwa ataogopa kuminywa kidole, mwambie ile haipindi, inapasuka tu. Za seramiki nazo dawa yake hiyo hiyo.

fundi_vifaa_tiba: Kuzima katikati mara nyingi ni kukandamiza, mota ikilemewa inajikata. Acha diski ijikatie yenyewe, wewe elekeza tu. Na betri iliyochoka inakudanganya, taa inaonyesha imejaa ila ikipewa kazi inakata roho. Angalia pia nati ya diski isije ikawa imelegea. Halafu diski mnayotumia ni ipi? Dhahabu na fedha zinataka ya chuma yenye meno, ya almasi inajaa unga laini inaishia kuteleza, hiyo waachie stenlesi na titaniamu. Kuhusu moto, kata sekunde chache pumzika, mwenzako adondoshee maji ya baridi kwa sirinji, ila yasiingie kwenye mota.

nesi_wa_zamu: Kumbe! Diski ni ile ile ya almasi tangu tuletewe, tunakatia kila kitu 😅 Na hawa wa pete za ndoa wanaouliza kama itaungika? Wengine wanamuogopa mke kuliko kidole.

sonara_mzee: Hahaha. Dhahabu inaungika, wewe kata upande wa kiganjani mbali na kito, mkato mmoja, halafu ipanue taratibu na praizi mbili. Stenlesi nene haipanuki kirahisi, hiyo kata sehemu mbili itoke nusu nusu. Tangsteni ikishapasuka mwambie akanunue nyingine.