Mrejesho: soya niliyoikata ncha
Wakuu, niliuliza kama ni kweli soya ikikatwa ncha ingali changa huzaa zaidi. Mrejesho ndio huu, kutoka Namtumbo.

Nilidonoa kwa kucha mistari michache tu, kabla ya maua. Ncha ikiondoka, homoni inayozuia machipukizi ya pembeni hupungua, na kweli matawi yalitoka hadi karibu na udongo. Mashina mafupi, upepo haukuyalaza. Penye nafasi maganda yameongezeka, ingawa yalichelewa kukauka. Palipobanana sikuona tofauti. Matawi yangeenda wapi?

Kulipa vibarua wadonoe shamba zima, hapana. Msimu ujao hela hiyo naiweka kwenye kuchanganya mbegu na bakteria wa rhizobia, wale wanaoishi kwenye mizizi na kuipatia soya naitrojeni kutoka hewani.