Mwanangu yuko klabu ya waokoaji wa ufukweni Australia: kwa nini zamu za ulinzi ziwe sharti la mbio?

Mama wa Nzuguni
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni kutoka Dodoma. Kijana wangu wa miaka 18 anasoma Gold Coast, Australia, na amejiunga na klabu ya waokoaji wa ufukweni, ambako anashindana mbio za ubao na mbio za skii, yaani chombo kirefu chembamba kinachoendeshwa kwa kafi lenye bapa pande zote mbili. Tangu Oktoba amekuwa akiamka alfajiri kufanya mazoezi, lakini wiki hii amenieleza kwa uchungu kwamba klabu haitamwandikisha kwenye mashindano ya mwisho wa msimu, kwa kuwa saa zake za zamu ya ulinzi hazijatimia. Mimi nimekulia Kondoa, mbali na bahari, na sioni mantiki yake: mchezaji wa mpira haambiwi akalinde uwanja ndipo apangwe kikosini. Je, sharti hili ni la haki? Pia kocha anamtaka achague kati ya ubao na skii, vinatofautianaje?

Kocha wa Kuogelea, Area C
Dada, pole kwa simanzi ya kijana, lakini katika hili naiunga mkono klabu. Vyama hivi vilianzishwa Sydney mwanzoni mwa karne iliyopita, watu walipoanza kuoga baharini mchana na wengi kuzama, na mwaka 1907 klabu ziliungana chini ya shirikisho moja. Mbio zilikuja ili mwokoaji awe na pumzi na wepesi siku atakapohitajika. Siku hiyo ilifika kwenye ufukwe wa Bondi, hukohuko Sydney, tarehe 6 Februari 1938, mawimbi yalipofuatana na kuwavuta watu wapatao 250 hadi kina kirefu. Watano walifariki, waliobaki walitolewa na waokoaji waliokuwapo ufukweni. Anayekwepa zamu na kutaka medali anaomba tunda la mti asioumwagilia. Isitoshe, msimu wao ni mrefu, kuanzia karibu Septemba hadi Aprili, kwa hiyo muda wa kutimiza saa hizo hutolewa mapema.

Niliyesoma Australia
Nijibu swali la pili. Ubao wa mbio una urefu wa takriban mita 3.2, na mshindani huupanda kwa magoti au kwa kulala kifudifudi, akipiga maji kwa mikono. Mbio huanza mchangani: anakimbia nao majini, anapenya mawimbi yanayovunjika, anazunguka maboya, kisha anarudi na kukimbia tena hadi mstari wa mwisho. Skii hufikia karibu mita 5.8 na uzito wake hautakiwi kupungua kilo 18; washindani huanza wakiwa wamesimama majini, na mbio humalizikia majini vilevile. Skii ina kasi zaidi, lakini wimbi likiikamata ubavuni humwangusha hata mzoefu, na chombo kilichokosa mtu ni hatari kwa walio nyuma yake. Kusema kweli, mimi ningemshauri abaki na ubao kwanza, kwa sababu ndani yake kuna shindano la uokoaji lenyewe: mmoja huogelea hadi kwenye boya na kuinua mkono, mwenzake humfuata na ubao, nao hurudi wawili juu ya ubao mmoja. Hapo ndipo zamu na mbio hukutana.

Mkazi wa Hombolo
Mama, skii hiyo ilibuniwa kwenye maji yaliyotulia. Inasimuliwa kwamba mnamo 1912 Harry McLaren na nduguye waliitumia katika Ziwa Innes, karibu na Port Macquarie, kuzungukia mashamba yao ya chaza. Nalisema hili kwa sababu vijana wetu huogelea bwawani Hombolo bila mlinzi yeyote. Mtera siwezi kupashauri, kwa kuwa kuna mamba na viboko. Kijana akirudi likizo, naomba atufundishe hapa namna ya kumpandisha mtu aliyechoka juu ya ubao; hilo halihitaji mawimbi.

Mama wa Nzuguni
Nawashukuru sana. Nimezungumza naye usiku huu na amekiri kwamba zamu mbili za Desemba aliziacha ili aende mazoezini. Kesho atamwomba msimamizi wa zamu ampangie Jumamosi na Jumapili zilizobaki kabla orodha ya washindani haijafungwa, na ubao ndio atakaoandikia jina lake. Ndugu wa Hombolo, likizo yake ni Juni, nitakujulisha tarehe.