Muhogo uleule, shamba lilelile: mbona mwaka huu ni mchungu?

MamaZubeda, Arua
Jamani, wenye elimu ya mimea nisaidieni kabla sijagombana na wifi yangu. Mwaka juzi alinipa pingili za muhogo kutoka kwake Koboko. Nikapanda nyuma ya nyumba, ukatoka mtamu, watoto wakitoka shule wanautafuna mbichi. Nikakata pingili kwenye miti hiyohiyo, nikapanda tena palepale. Safari hii mvua zikatukimbia. Juzi nimechimba, nikamenya, nikachemsha vipande vikubwavikubwa kama siku zote. Mdogo wao kaonja tu, akatema: "Mama, dawa hii!" Mimi nikajikaza, nikala viwili. Kufika adhuhuri kichwa, kizunguzungu, tumbo linasokota. Jirani anasema wifi kanipa mchungu makusudi. Lakini pingili si zilezile?

Kijana wa Maabara
Pole dada. Wifi muache, hana kosa. Pingili ni mwili wa mti uleule, jeni zilezile. Kilichobadilika ni kiasi cha sumu mti unachopika. Hata muhogo mtamu una jeni za CYP79D1 na CYP79D2. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini mwa mti, huchukua valini, asidi ya amino ya kawaida kabisa, na hatua chache mbele inakuwa linamarini, ambayo ndiyo huzaa sianidi, sumu yenyewe. Nyingi hutengenezwa majanini, kisha hushuka mizizini. Ukame ukibana, kiwango hupanda.

Na kuchemsha vipande vizima ndiko kulikokuponza. Linamarini imefungiwa ndani ya seli, kimeng'enya cha kuivunja kimekaa ukutani mwa seli. Havikutani mpaka uponde, ukune, au uloweke hadi ulainike. Hapo sianidi hutoka na kupotea hewani. Ukitosa kipande kizima kwenye maji ya moto, unaua kimeng'enya kwanza, linamarini inabaki ndani imetulia.

MamaZubeda, Arua
Kumbe! Bibi alikuwa anarundika muhogo uliomenywa, anafunika majani mpaka uote ukungu, anakwangua, anaponda, anaanika. Sisi tunaziba pua na kumcheka. Sasa hizo jeni si waziondoe tu?

Kijana wa Maabara
Wameshafanya, na mihogo isiyo na sianidi ikapatikana maabara. Ila katika majaribio ya mwanzo, miche iliyozimwa jeni hizo majanini ilishindwa kuota mizizi mpaka ipewe amonia, ambayo ina nitrojeni. Inaelekea linamarini ni ghala la nitrojeni, chakula cha mmea, pia, si silaha tu.

Mzee wa Mpakani
Silaha ni silaha, mwanangu. Shamba langu liko mbali na nyumba. Nikipanda mtamu huko, nyani na wezi wanavuna kabla yangu. Mchungu hawaugusi. Lakini usiuchezee: Kasese, hapahapa Uganda, mwaka 2017 watu 98 waliugua kwa unga wa muhogo, wawili wakafa. Binti, mtoto akilegea au akitapika, kimbilia hospitali, usingoje asubuhi.

MamaZubeda, Arua
Asante mzee. Wifi nimempigia, amecheka mpaka simu ikakatika. Nina nusu debe la unga wa muhogo huohuo, niumwage?

Kijana wa Maabara
Usimwage. Changanya na maji uwe tope zito, utandaze mwembamba kwenye mkeka, usizidi sentimita 1. Uache kwa muda wa saa 5 kivulini, au saa 2 juani. Halafu songa ugali siku hiyohiyo, usiulaze.