Naomba ushauri: kiwanja Jambiani cha kustaafia, nijenge nyumba ya chini au ghorofa?

Mstaafu Mtarajiwa
Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo naanza leo, mnivumilie.

Niko Uingereza muda mrefu, kazi yangu kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Sasa na mimi uzee unabisha hodi, na baridi imeshaniingia magotini. Tumekubaliana na mama watoto tukamalizie pwani. Mwaka jana tulifikia Jambiani, Unguja, tukapapenda mno. Kumetulia kuliko Paje, samaki unamchagua bado ana macho maangavu, watu wana salamu. Kila siku saa sita mchana nilikuwa naogelea mbele ya hicho hicho kiwanja ninachotaka kununua.

Kiwanja kiko mstari wa pili kutoka baharini, mita 20 kwa 30, kina minazi. Bei milioni 58 za Kitanzania. Muuzaji anataka hela yote kabla ya mwisho wa mwezi maana kuna Mtaliano anakinyemelea. Usingizi sipati. Swali langu ni moja: nijenge nyumba ya chini ya vyumba vitatu, au ghorofa moja nione bahari? Na mafundi wa Unguja bei zao zikoje ukilinganisha na Dar?

Ndizi Mshale
Huyo Mtaliano namjua. Mimi nilipokuwa natafuta kiwanja Bagamoyo alikuwa Mchina. Hakuna kiwanja nchi hii kisicho na mgeni anayekitaka mwisho wa mwezi.

Kungumanga
Mkuu, jenga ya chini, magoti yenyewe umeshayasema. Ngazi za nini? Halafu usikubali fundi akuletee mchanga wa pwani hata akikuapia ameuosha. Chumvi inakula nondo, zege linapasuka, siku moja umekaa unakunywa chai kipande cha dari kinaingia kwenye kikombe. Na upande ule kusi ikivuma bati la kawaida halikai, nunua bati nene lililopakwa rangi. Shangazi yangu Tanga alibishana na fundi kuhusu mchanga, akashindwa, maana fundi alikuwa mkwe wake. Mpaka leo hawasalimiani, na kikao cha harusi ya mjukuu kiligawanyika vikao viwili. Ila hiyo ni habari nyingine.

Dada wa Makunduchi
Kaka yangu, mie jirani yenu hapo, Makunduchi na Jambiani ni pua na mdomo. Kabla ya ghorofa hebu niambie: hiyo minazi ya nani? Kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa mwengine. Marehemu baba alikuwa na minazi yake kwenye kiwanja cha watu, tukienda kuangua nazi hakuna aliyetuzuia, na mwenye kiwanja alipotaka kujenga ilibidi aje akae na sisi barazani tuelewane mnazi kwa mnazi. Na umeoneshwa karatasi gani, hati au barua ya sheha, kiongozi wa pale kijijini?

Mstaafu Mtarajiwa
Ahsante dada. Barua ya sheha ipo, ina muhuri, mashahidi wapo, na wazee wametia dole gumba. Minazi nitafidia, si tatizo. Wakuu naomba turudi kwenye ghorofa.

Mpwani wa Watamu
Salamu kutoka Kenya. Mzee, njoo huku tu. Mimi nimetunza nyumba za wageni Watamu na Malindi tangu ujana. Huku mambo wazi: Katiba ya 2010 inasema mgeni hapati zaidi ya miaka 99, hata akiwa na hati iliyoandikwa ya milele, kwake inasomeka 99. Ila usiguse plot za mstari wa kwanza na wa pili wa bahari, mgeni kwa hizo lazima apate idhini ya waziri.

Kuna mzee mmoja nilimtunzia nyumba mpaka akafa mikononi mwangu. Nilimlisha uji, nilimpeleka hospitali na tuktuk usiku. Watoto wake walikuja kutoka Ulaya, wakapima sebule kwa futi, wakabadilisha kufuli. Mshahara wangu wa miezi ya mwisho nadai hadi kesho. Ukinunua, andika wosia, na mlinzi wako umtaje humo.

Hakimu wa Kijiweni
Poleni wote. Mleta uzi, swali dogo. Ulipotua uwanja wa Abeid Amani Karume mwaka jana, zile dola 44 za bima ulilipa?

Mstaafu Mtarajiwa
Nililipa, kwani zinahusiana vipi na kiwanja?

Hakimu wa Kijiweni
Zinahusiana sana. Ile bima imeanza 1 Oktoba 2024 na inamhusu mgeni kutoka nje. Mtanzania hailipi. Una pasi gani, mzee wangu?

Ndizi Mshale
Ameingia mtegoni 😂

Kungumanga
Mbona kimya? Tangu asubuhi tunamsubiri.

Mstaafu Mtarajiwa
Nilikuwa kazini, msinifanye mkimbizi. Sikuona haja ya kulitaja. Nilichukua uraia wa Uingereza 2011 kwa sababu ya watoto na mambo ya kazi, kama wengi tu. Lakini mimi ni mtu wa Moshi, kitovu changu kimezikwa kule, karatasi haiwezi kubadilisha hilo.

Isitoshe kiwanja hakiandikwi jina langu. Kinaandikwa jina la kijana wa pale pale, mtoto wa mwenye nyumba tuliyofikia. Ni kijana mstaarabu, swala tano hazimpiti, alitupokea kama wazazi. Tutaandikishana mkataba wa pembeni kwamba nyumba ni yangu na yeye ni mwangalizi. Watu wengi wanafanya hivyo na wanaishi vizuri. Na ukweli ni kwamba nimeshatanguliza milioni 20, kwa hiyo kuniambia niache ni rahisi kwenu.

Ndizi Mshale
MILIONI 20! Na sisi hapa tunajadili unene wa bati.

Hakimu wa Kijiweni
Sasa tuongee kikubwa.

Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma, sheria Na. 12 ya 1992. Mtu anapewa haki ya matumizi, na anayepewa ni Mzanzibari. Ardhi si jambo la Muungano. Kwa hiyo hata ungebaki na pasi ya Tanzania, wewe wa Moshi hati ya Jambiani usingeipata. Umekuwa mgeni mara mbili. Mgeni ana njia zake: awekeze kupitia ZIPA, mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar, apangishwe ardhi na serikali, au anunue fleti au nyumba ndani ya mradi ulioidhinishwa, chini ya sheria ya 2010 ya kondominio, kwa upangaji wa miaka mingi. Kule Fumba ndiyo mambo hayo. Ukifikisha dola 100,000 kuna na kibali cha kuishi. Kiwanja cha kijijini chenye barua ya sheha hakimo humo.

Huo mkataba wa pembeni ndio unaonitisha. Uhamishaji wa ardhi unapita Bodi ya Uhaulishaji. Ukikosana na kijana, utakwenda mahakama ya ardhi kusema nini? Kwamba mlikubaliana kuizunguka sheria? Huyo kijana anaweza kuwa mwema kuliko sisi wote humu. Akifa kesho, nyumba inaingia kwenye mirathi, inagawanywa kwa mama, mke na watoto wake, na wewe kwenye hesabu ile huna fungu. Warithi hawakukupokea kama mzazi.

Mtumishi wa Bwana
Ndiyo malipo ya kukana nchi. Mtu anasomeshwa na kodi za wakulima, anakwenda kuosha wazee wa watu, akizeeka anataka upepo wetu.

Fundi Cherehani
Mtumishi, huyo anayeosha wazee ndiye anayetuma hela ya dawa za mama yake. Punguza. Na mleta uzi, kama shida ni pwani tu, mbona Pangani hukuitaja? Sheria ya Ardhi ya 1999 ya bara nayo ilimfungia asiye raia, lakini mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya hadhi maalum kwa diaspora waliochukua uraia wa nje, na ardhi imo. Ulizia ubalozi wetu London utaratibu umefikia wapi. Ni bara tu lakini, Unguja ni habari nyingine kama alivyosema Hakimu.

Mstaafu Mtarajiwa
Pangani barabara yake naijua ya zamani. Na mama watoto ameshachagua rangi ya milango.

Mbu wa Leeds
Shikamoo mzee. Nami niko huku, kazi kama yako. Hakuna aliyegusa hili: pensheni ya serikali ya Uingereza ukihamia Tanzania haipandi. Inagandishwa. Wenzako waliobaki wanaongezewa kila Aprili, wewe kiwango unachoanza kulipwa ukiwa kule ndicho cha miaka yote, na bei ya samaki Jambiani haigandi. Kenya vivyo hivyo, kwa hiyo usikimbilie Watamu ukadhani umepona. Na kama bado hujafika umri, umri wenyewe unasogezwa kutoka 66 kwenda 67. Piga hesabu hiyo kwanza ndipo uchague milango.

Mstaafu Mtarajiwa
Marahaba. Hilo la pensheni nimelisikia leo. Ahsante.

Chungu cha Tatu
Nimesoma uzi wote na naona mnaliwa vichwa. Hii ni CHAI. Jamaa anasema kila siku saa sita mchana alikuwa anaogelea mbele ya kiwanja. Jambiani ipi hiyo? Maji yakitoka pale unatembea mpaka unachoka hujalowa magoti. Mtu aliyekaa pale hawezi kuandika "kila siku saa sita". Amesoma tangazo. Kwa akili yangu huyu ndiye dalali mwenyewe: ametaja kijiji, mstari, vipimo, bei, minazi, Mtaliano. Kesho mtaona mtu anakuja "kiwanja bado kipo?"

Kungumanga
Mkuu umeniamsha. Nami nilijiuliza, mtu ana milioni 20 imekwama halafu anauliza ghorofa?

Dada wa Makunduchi
Nyie watu wa bara, maji mnayajua kwenye ndoo. Kuna bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na kuna maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo tu. Siku za bamvua asubuhi mpaka karibu na adhuhuri bahari iko mbali, ndipo wanawake wanaposhuka na kamba zao kwenye mwani, na hapo kweli hakuna kuogelea. Maji mafu yakiingia, saa sita yaweza kukuta yamejaa, mtu akaoga vizuri. Kwa hiyo kuoga ameoga. "Kila siku" ndiyo uongo.

Chungu cha Tatu
Kwa hiyo dada unakubali kuna uongo.

Dada wa Makunduchi
Nakubali mume wa mtu akisimulia likizo huongeza chumvi. Wewe wa kwako hajawahi?

Mstaafu Mtarajiwa
Sasa nashitakiwa kwa kuogelea? Haya, si kila siku. Siku nyingine tulikwenda Kizimkazi kuangalia pomboo, na siku nyingine maji yalikuwa mbali, nilikaa tu kwenye mchanga. Siuzi kitu. Chungu cha Tatu, ningekuwa dalali ningetaja kwamba nimepigwa milioni 20?

Ndizi Mshale
Angalau "nimepigwa" ameitamka mwenyewe.

Hakimu wa Kijiweni
Tuache chai. Awe wa kweli asiwe wa kweli, jibu halibadiliki. Mzee, usitume hata shilingi tena. Tafuta wakili wa Zanzibar ambaye hakuletewa na muuzaji, akaulize Kamisheni ya Ardhi kiwanja kile kimesajiliwa kwa nani. Milioni 20 idai kwa utulivu na kwa maandishi, muuzaji asije akakasirika akasema hakujui.

Mstaafu Mtarajiwa
Nimekuelewa Hakimu. Nitamtafuta wakili. Ila kijana amenitumia ujumbe leo kwamba Mtaliano amerudi tena, kwa hiyo nafikiria nitume milioni 10 tu za kumtuliza muuzaji wakati wakili anafuatilia.

Fundi Cherehani
Mama watoto yumo humu jukwaani? Naomba akaunti yake.

Ndizi Mshale
Mimi naomba namba ya Mtaliano. Nina kiwanja Bagamoyo.